Uzi: Programu ya zamani inagoma kusoma kanzidata kwenye kompyuta mpya ya biti 64. Ni draiva ipi inayokosekana?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, naomba msaada katika jambo ambalo limenikalisha siku tatu mbele ya skrini. Ninasimamia programu ya kumbukumbu za ghala iliyoandikwa mwaka 2009. Aliyeiandika hapatikani tena na msimbo wake hatunao. Tulichonacho ni faili la .exe, faili dogo la mipangilio, na kanzidata ya Access ya aina ya .accdb ambayo ndani yake mna kila kilichoingia na kutoka ghalani kwa miaka yote hiyo. Programu ilikuwa ikifanya kazi bila kelele kwenye Windows 7 ya biti 32 mpaka diski ya kompyuta ile ilipokufa. Kwa bahati nzuri kanzidata ilikuwa na nakala mahali pengine.

Kompyuta mpya ina Windows 11 na Office ya biti 64. Nimehamisha folda nzima, nikabofya programu, dirisha la kuingilia likafunguka vizuri, nikaandika nenosiri, na hapo ukatokea ujumbe huu: "The 'Microsoft.ACE.OLEDB.12.0' provider is not registered on the local machine." Nikibofya OK, programu inajifunga.

Kinachonichanganya ni kwamba Access imo kwenye kompyuta hiyohiyo, na nikilifungua faili la kanzidata kwa Access naona majedwali yote na rekodi zake zote. Ikiwa Access inalisoma faili hilo, kwa nini programu idai kwamba chombo cha kulisoma hakijasajiliwa?

#2

Mkuu, hiyo ni draiva tu. Windows yako ni ya biti 64, kwa hiyo chukua Access Database Engine ya biti 64, yaani AccessDatabaseEngine_X64.exe, isakinishe, washa kompyuta upya, na kazi itakuwa imekwisha.

#3 – Mleta uzi

Nimefanya hivyo. Kisakinishi kilikwenda mpaka mwisho bila kulalamika, nikawasha kompyuta upya, na ujumbe umerudi uleule, herufi kwa herufi.

#4

Ndugu mleta uzi, mwenzetu wa namba 2 amekusudia mema, lakini ameanza na swali lisilo la kwanza. Kabla ya kuuliza Windows ni ya biti ngapi, ulizeni programu ni ya biti ngapi.

Draiva ya aina hii haikai pembeni kama huduma inayojitegemea ikisubiri kuulizwa na yeyote. Ni DLL, yaani faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingine, na DLL hupakiwa ndani ya mchakato wa programu inayoihitaji. Windows hairuhusu mchakato wa biti 32 kupakia DLL ya biti 64, wala mchakato wa biti 64 kupakia DLL ya biti 32. Ndiyo maana Access yako inalifungua faili bila shida, kwa kuwa yenyewe ni ya biti 64 na injini yake ni ya biti 64, ilhali programu ya mwaka 2009, ambayo karibu hakika ni ya biti 32, inapotafuta injini inapelekwa na Windows kwenye sehemu ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya programu za biti 32, na huko haikuti kitu. Ujumbe unaosema kwamba haijasajiliwa ni wa kweli, ila umeacha nusu ya habari: haijasajiliwa kwa biti za anayeuliza.

Usikisie, hakikisha. Iache programu imesimama kwenye dirisha la kuingilia, fungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa Details, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, kisha ongeza safu iitwayo Platform. Mbele ya jina la .exe yako patasomeka biti 32 au biti 64. Nasisitiza hatua hii kwa sababu zipo programu za .NET zilizotengenezwa zifuate mfumo unaozikuta: kwenye Windows ya biti 32 huwa za biti 32, na ukizihamishia kwenye Windows ya biti 64 hugeuka na kuwa za biti 64. Yako ikiwa ya namna hiyo, ushauri wa namba 2 ungekuwa sahihi kabisa. Kwa kuwa umeufuata na ujumbe haukubadilika, nadhani jibu tunalo, lakini thibitisha.

Niongeze historia kidogo, kwa kuwa itakusaidia usisakinishe vitu ovyo. Mpaka Office 2003, injini ya Access iliitwa Jet na mafaili yake yalikuwa ya .mdb. Jet 4.0 huja pamoja na Windows yenyewe, nayo ipo ya biti 32 peke yake. Haikuwahi kutolewa ya biti 64. Mwaka 2007 ndipo ilipokuja injini ya ACE (ndiyo hiyo Access Database Engine) pamoja na faili la .accdb, na Jet haiwezi kulisoma faili hilo. Kwa maana hiyo, mwenye programu ya biti 32 na faili la .mdb mara nyingi hahitaji kusakinisha chochote, ila mwenye .accdb kama wewe hana budi kuwa na ACE ya biti zinazolingana na programu yake.

#5 – Mleta uzi

Nashukuru sana kwa maelezo haya, sasa nimeelewa kwa nini Access ilikuwa ikinidanganya. Task Manager inaonyesha kuwa programu yangu ni ya biti 32.

Nimechukua AccessDatabaseEngine.exe, ile isiyo na X64 kwenye jina lake, lakini imekataa hata kuanza. Inasema haiwezi kusakinishwa kwa kuwa kompyuta ina bidhaa za Office za biti 64, na kwamba niziondoe kwanza. Nimeiondoa ile draiva ya biti 64 niliyoiweka kwa ushauri wa namba 2, lakini bado inakataa, na nadhani sababu ni Office yenyewe.

#6

Hapo ndipo wengi wanapokwama, mkuu. Kisakinishi hukagua kama kuna kitu chochote cha Office cha biti tofauti na zake, na kikikikuta kinagoma. Kuna njia ya kukikwepa ambayo utaiona kila mahali: unafungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na kukiendesha kisakinishi kimyakimya, kwa kuongeza /passive baada ya jina lake ikiwa ni toleo la 2010, au /quiet ikiwa ni toleo la 2016. Kikiendeshwa hivyo hakifanyi ule ukaguzi, na injini zote mbili hukaa kwenye kompyuta moja.

Njia hiyo hufanya kazi, lakini mimi siipendi kwa kompyuta ambayo mtu mwingine ataitegemea kila siku. Microsoft yenyewe haiungi mkono mchanganyiko huo, na dalili yake inayofahamika ni Office kuanza kujisanidi upya kila inapofunguliwa kwa sababu sehemu zake mbili zinagombea nafasi moja kwenye rejista. Isitoshe, siku Office itakapojisasisha hutajua nini kimeondolewa, na atakayeitwa kurekebisha hatakuwa na habari kwamba kuna kitu kiliingizwa kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nakuuliza: kuna mtu anayeihitaji Office ya biti 64 kwenye kompyuta hiyo? Faida yake kubwa huonekana kwa wanaofungua lahajedwali kubwa mno zinazokula kumbukumbu nyingi. Kwa barua na orodha za kawaida, Office ya biti 32 hufanya kila kitu na hutaona tofauti. Iondoe ile ya 64, sakinisha ya 32, kisha weka ACE ya biti 32. Kila kitu kitakuwa upande mmoja. Ikiwa haiwezekani kabisa kuibadilisha, basi afadhali programu ya ghala uiweke kwenye kompyuta pepe yenye mazingira yake safi kuliko kuzilazimisha injini mbili ziishi nyumba moja.

Jambo jingine: yeyote atakayekuambia uchukue DLL moja moja kwenye tovuti zinazogawa DLL za bure, mpuuze. Injini hii ni kundi la mafaili yanayotegemeana, na yanahitaji kusajiliwa kwa pamoja. DLL moja iliyookotwa haitakusaidia, na hujui imebeba nini.

#7 – Mleta uzi

Nimefuata ushauri wa namba 6. Office ya biti 64 nimeiondoa, nimeweka ya 32, na safari hii kisakinishi cha ACE hakikulalamika. Programu imefunguka, orodha ya bidhaa ipo, rekodi ya mwisho ni ileile ya siku diski ilipokufa. Nimefurahi mno.

Furaha haikudumu dakika kumi. Nilipobofya ripoti ya mwezi ukatokea ujumbe mpya: "Data source name not found and no default driver specified." Nilikagua lile faili la mipangilio nikaona ripoti hazipiti njia ileile ya programu, bali zinatafuta DSN, yaani muunganisho wa kanzidata uliohifadhiwa kwa jina kwenye Windows, iitwayo GHALA. Nikaenda kwenye Control Panel, nikafungua ODBC (mfumo wa Windows wa kuunganisha programu na kanzidata), nikatengeneza System DSN yenye jina hilohilo, nikaielekeza kwenye faili la kanzidata. Ripoti bado inasema haioni kitu. Jina nimelikagua mara tatu, na herufi zote ni sahihi.

#8 (yuleyule wa namba 4)

Ni ugonjwa uleule, umebadilisha nguo tu. Windows ya biti 64 ina dirisha mbili za kusimamia ODBC, na kila moja ina orodha yake ya draiva na orodha yake ya System DSN. Unayoitengeneza kwenye moja haionekani kwa programu zinazotumia nyingine.

Kibaya zaidi, faili za dirisha hizo zina jina moja, odbcad32.exe, na zinatofautiana kwa folda tu. Iliyo ndani ya C:\Windows\System32 ni ya biti 64, na iliyo ndani ya C:\Windows\SysWOW64 ni ya biti 32. Hujakosea kusoma, folda yenye 64 kwenye jina ndiyo yenye vitu vya biti 32. Jina la System32 liliachwa lilivyo kwa sababu programu nyingi zilikuwa zimeandika jina hilo ndani ya msimbo wake, na kulibadilisha kungezivunja, kwa hiyo folda ya wageni wa biti 32 ikapewa jina jipya. Hii ni moja ya sababu zinazomfanya mtu mwenye akili timamu asiamini macho yake.

Kwenye matoleo mapya ya Windows unaweza kuandika ODBC kwenye kisanduku cha kutafutia na utaona alama mbili, moja ikiwa na maandishi ya 32-bit na nyingine 64-bit. Fungua ya 32-bit. Tengeneza System DSN yako humo, na hapa kuwa mwangalifu unapochagua draiva, kwa kuwa utaona majina mawili yanayofanana sana: moja linamalizikia na .mdb peke yake, na jingine linataja .mdb pamoja na .accdb. La kwanza ni la Jet iliyokuja na Windows, na halitalisoma faili lako. Chagua la pili. Kisha ifute ile DSN ya GHALA uliyoitengeneza upande wa biti 64, isije ikampoteza atakayekuja baada yako.

Usitumie User DSN kwa jambo hili. Kwanza huonekana kwa mtumiaji mmoja tu aliyeitengeneza. Pili, orodha yake huonekana kwenye dirisha zote mbili hata kama draiva yake ipo upande mmoja tu, na hapo utaanza kupata ujumbe wa "architecture mismatch" bila kujua umetoka wapi.

#9

Naomba niuchomeke wangu humuhumu, kwa kuwa ni ndugu wa tatizo hili. Mimi nina programu ya miaka ya tisini mwishoni iliyotengenezwa kwa Delphi, na data zake ni mafaili mengi ya .db yanayoandamana na ya .px na .mb. Nimeambiwa hizo ni Paradox, aina ya kanzidata ya zamani. Je, ACE inaweza kunisaidia? Pia ninayo folda nyingine ya mafaili ya .dbf, ambayo nataka kuyasoma tu na kuyahamisha.

#10

Mchangiaji wa namba 9, hayo ni mambo mawili tofauti, nami nitaanza na lililo gumu.

Programu ya Delphi ya enzi hizo, kwa kawaida, haisomi Paradox kwa ODBC wala kwa OLE DB, njia nyingine ya Windows ya kuunganisha programu na data. Inatumia BDE, yaani Borland Database Engine, kwa hiyo hata ukisakinisha ACE mara kumi haitaiangalia. BDE haiendelezwi tena na ni ya biti 32, lakini bado hufanya kazi kwenye Windows ya biti 64 ikiwekwa kwa uangalifu. Hakikisha tu kwamba programu yenyewe si ya biti 16, maana hizo Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa na hakuna draiva itakayokuokoa.

Ukishaisakinisha, fungua BDE Administrator kwa haki za msimamizi. Ukiifungua kawaida, mabadiliko yako yanaweza kuandikwa kwenye kivuli cha faili la mipangilio ndani ya folda za mtumiaji, si kwenye IDAPI32.CFG halisi, na utabaki ukishangaa kwa nini kila mtumiaji ana mipangilio yake. Nenda kwenye Configuration, Drivers, Native, PARADOX, uitazame NET DIR. Kwa kawaida imeelekezwa kwenye mzizi wa C:, na hapo ndipo BDE hutaka kuandika faili la PDOXUSRS.NET linaloratibu nani amefunga jedwali gani. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kwenye mzizi wa C:, kwa hiyo programu hufa ikitaja jina la faili hilo. Tengeneza folda ya kawaida, wape watumiaji ruhusa ya kuandika humo, kisha elekeza NET DIR huko. Ikiwa kompyuta kadhaa zinatumia data hizo kwa pamoja, zote ni lazima zielekezwe kwenye PDOXUSRS.NET moja, na LOCAL SHARE iwe TRUE. Zikitofautiana, kila kompyuta itajiona iko peke yake, na matokeo yake ni fahirisi zilizoharibika.

Kuna kituko kimoja cha BDE ambacho usipokijua utakiita uchawi. Siku moja programu itakuambia diski imejaa ilhali ina nafasi tele. BDE huhesabu nafasi iliyobaki kwa namba za enzi zake, na nafasi hiyo ikiangukia karibu na kizidishio cha GB 4, hesabu inajizungusha na kuona sifuri. Dawa ni kunakili faili lolote kubwa kwenye diski hiyo, au kulifuta, ili namba isogee. Nimewahi kuwaokoa watu kwa kuwawekea video moja kwenye diski, na mpaka leo wanaamini nilifanya jambo la kitaalamu.

Mafaili ya .dbf ni mepesi zaidi. Unapoyasoma kwa Jet au ODBC, folda ndiyo kanzidata na kila faili ni jedwali moja, kwa hiyo usielekeze muunganisho kwenye faili bali kwenye folda iliyolibeba. Majina marefu ni adui: draiva ya dBASE (mfumo wa zamani wa kanzidata wenye mafaili ya .dbf) ya Jet inataka jina lisilozidi herufi 8 kabla ya nukta. Faili liitwalo wateja_wote_2004.dbf litakataliwa kwa ujumbe usiotaja jina hata kidogo, na ukilibadilisha kuwa wateja04.dbf litafunguka papo hapo. Ukiona kuna faili la .dbt au .fpt lenye jina lilelile, lisafirishe na ulibadilishe jina pamoja nalo, kwa sababu humo ndimo yalimo maelezo marefu.

Zaidi ya hapo, si kila .dbf ni dBASE. Visual FoxPro nayo iliandika .dbf, na aina zake mpya draiva ya dBASE haizielewi. Fungua nakala ya faili kwa kitazamaji cha baiti na uangalie baiti ya kwanza kabisa: 03 ni dBASE III ya kawaida, 83 ni dBASE III yenye maelezo marefu, na 30 ni Visual FoxPro. Ukikuta 30, tafuta draiva ya OLE DB ya Visual FoxPro, iitwayo VFPOLEDB, ambayo nayo ni ya biti 32 tu, kwa hiyo chombo utakachotumia kuhamishia data lazima kiwe cha biti 32 pia.

#11 – Mleta uzi

DSN imekubali. Nilikuwa nimeitengeneza upande wa biti 64 kama namba 8 alivyosema, na ripoti sasa zinatoka.

Nimekutana na jambo moja zaidi, nalieleza hapa kwa faida ya wengine kwa kuwa nimelitatua mwenyewe. Kwangu mimi, mwenye haki za msimamizi, kila kitu kilikwenda sawa. Mtunza ghala alipoingia kwa akaunti yake aliweza kuona orodha, lakini kila alipojaribu kuingiza mzigo mpya aliambiwa: "Operation must use an updateable query." Nikadhani ni draiva tena, nikakaribia kuisakinisha upya. Kumbe nilikuwa nimeweka kanzidata ndani ya Program Files pamoja na programu, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Nikampa ruhusa ya kuandika kwenye faili lenyewe, bado ikagoma. Nilipoitazama folda wakati mimi nimeingia, niliona faili dogo la .laccdb likitokea programu inapofunguka na kutoweka inapofungwa. Injini hulitengeneza faili hilo ili kujua nani yumo ndani, kwa hiyo mtumiaji anahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda nzima, si kwenye kanzidata peke yake. Nimeihamishia kanzidata kwenye folda ya data iliyo nje ya Program Files, nikarekebisha njia kwenye faili la mipangilio na kwenye DSN, na mtunza ghala sasa anaingiza mizigo.

#12

Hongera, mkuu. Kwa wenye .mdb hali ni hiyohiyo, ila Jet huandika .ldb badala ya .laccdb.

Kwa kuwa uzi huu utasomwa na wengi, naongeza habari ya sasisho za Windows, maana kuna watu ambao programu zao hazikuhamishwa popote na bado zikakatika usiku mmoja. Sasisho za Oktoba 2017 ziliwafanya waliokuwa wakisoma mafaili ya .xls kwa Jet wapate kosa la "Unexpected error from external database driver", na waliohamia ACE kwa kubadilisha jina la draiva kwenye mipangilio yao waliendelea na kazi huku wengine wakisubiri rekebisho. Sasisho za Januari 2019 zikawaangukia wenye mafaili ya muundo wa Access 97: kama jedwali lilikuwa na safu yenye jina linalozidi herufi 32, programu iliambiwa kwamba muundo wa kanzidata hautambuliki. Mambo yote mawili yalirekebishwa, lakini yanatufundisha kuuliza "kompyuta ilijisasisha lini?" kabla ya kuanza kung'oa draiva.

Wenye mafaili ya Access 97 wajue pia kwamba Access 2013 na zilizofuata haziyafungui. Jet 4.0 iliyomo ndani ya Windows bado huyasoma, kwa hiyo njia ya kuyatoa huko ni chombo cha biti 32 kinachotumia Jet, au Access 2010 au ya nyuma yake, ambayo itakubadilishia faili kuwa la muundo mpya.

#13

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Je, mtu akiwa na faili lenye kiambishi cha .dat tu, na programu yenyewe haipo tena, atajuaje draiva ya kutafuta?

#14 (yuleyule wa namba 4)

Kiambishi ni nguo, mwandishi wa programu anaweza kukivisha chochote. Tengeneza nakala ya faili, ifungue nakala hiyo kwa Notepad, usihifadhi chochote, na usome mstari wa kwanza. Kati ya takataka za alama utaona maneno yanayosomeka. Ukiona "Standard Jet DB", hilo ni .mdb lililobadilishwa jina. Ukiona "Standard ACE DB", hilo ni .accdb. Ukiona "SQLite format 3", hapo huhitaji draiva za zamani kabisa, kwa kuwa zana za kulisoma zipo tele na za bure. Waandishi wengi wa enzi zile walibadilisha kiambishi makusudi ili watumiaji wasilibofye faili na kuliharibu, kwa hiyo usishangae likifunguka mara tu ukilirudishia jina lake halisi kwenye nakala.

Usipoona neno lolote kati ya hayo, weka hapa baiti 32 za mwanzo jinsi kitazamaji cha baiti kinavyozionyesha, tutasaidiana kuzisoma.

#15 – Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Kabla ya kuondoka nimeandika karatasi na kuibandika ndani ya kasha la kompyuta: programu ni ya biti 32, Office ni ya biti 32 na isibadilishwe, ACE ni ya biti 32, DSN ya GHALA imo kwenye odbcad32 ya SysWOW64, kanzidata imo kwenye folda ya data na watumiaji wana ruhusa ya kuandika humo. Kisakinishi chenyewe nimekihifadhi pamoja na nakala ya kanzidata, kwa sababu toleo la 2010 nililotumia muda wake wa kuungwa mkono uliisha Oktoba 2020, na sitaki kuanza kulitafuta upya siku diski hii nayo itakapokufa.

Namba 13, nimeona umeweka baiti zako kwenye uzi mwingine. Nne za mwanzo ni 00 01 00 00 na baada yake yanafuata maneno "Standard Jet DB". Libadilishe nakala hiyo jina liwe .mdb uone.